Mwanao Anacheza Tenisi Vizuri. Sasa Ufanyeje?

Julai 2022, katika fainali ya wasichana ya wawili wawili huko Wimbledon, upande mmoja wa wavu walisimama Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi kwa 11-9 katika seti fupi ya kuamua mshindi. Kabla ya hapo hapakuwa na Mkenya aliyewahi kutwaa taji lolote la Grand Slam.

Miaka mitatu ikapita. Agosti 2025, Mboko, aliyezaliwa Marekani na wazazi waliotoka Kongo kisha akakulia Kanada, aliingia mashindano makubwa ya Montreal kwa mwaliko maalumu, akiwa wa 85 duniani. Akamtoa Sofia Kenin, akamtoa Coco Gauff, akamtoa Elena Rybakina, na kwenye fainali akamshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Wote wanne wameshatwaa Grand Slam. Yeye alikuwa hajatimiza miaka 19. Okutoyi naye alikuwa ameshika njia nyingine: alikwenda Auburn University, katika jimbo la Alabama, kusoma na kuichezea timu ya chuo, na akiwa mwanafunzi huko huko, Machi 2024, alisafiri hadi Accra akairudishia Kenya dhahabu ya tenisi katika Michezo ya Afrika.

Wazazi wengi wenye watoto wa tenisi, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala, huzisoma habari hizi mbili na kuuliza swali moja: kwa nini wetu hakupanda kama yule? Mimi naliona swali hilo linapotosha. Kasi ya mtu haiigiki, kwa sababu ndani yake mna mwili aliozaliwa nao, nchi aliyokulia, fedha zilizokuwapo na bahati. Kinachoigika ni mpangilio: nini kilitangulia nini, na nani alikataa nini kwa wakati gani. Mpangilio huo ndio nataka tuuangalie, tukianza na mtoto wa miaka sita na kuendelea hadi siku ya kuchagua kati ya chuo na kazi ya kulipwa.

Okutoyi na pacha wake walilelewa na bibi yao jijini Nairobi, mama yao alipofariki baada ya kujifungua. Bibi alikuwa na kipato kidogo, akifanya kazi katika shule ya msingi ya Loresho, na huko Loresho ndiko wasichana hao walikoanza kushika raketi wakiwa wadogo sana. Watu huisimulia habari hii kama habari ya umaskini, na kweli ni hivyo. Lakini mimi naona mambo mawili ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia. Uwanja ulikuwa karibu na nyumbani. Na ndani ya nyumba alikuwamo mtu wa kucheza naye kila siku, wa umri ule ule na uwezo ule ule. Ukiwa na mtoto wa miaka saba na una nafasi ya kuchagua, chukua uwanja wa saruji wenye nyufa ulio umbali wa dakika kumi kwa miguu, uache ule wa klabu maridadi unaohitaji saa nzima ya foleni barabarani. Mtoto wa uwanja wa karibu atapiga mpira siku tano kwa wiki. Wa klabu ya mbali atapiga siku mbili, tena afike amechoka. Halafu mtafutie mwenzake. Mtoto anayecheza na kocha peke yake hujifunza kupiga mipira mizuri inayomjia vizuri. Ni mtoto mwenzake ndiye atakayempigia mipira mibaya, na mechi zimejaa mipira mibaya.

Kuhusu vifaa, usinunue raketi kubwa ukitegemea kwamba mtoto ataikulia, kama tunavyofanya na sare ya shule. Raketi ya mtu mzima ni inchi 27. Mtoto wa miaka sita hutumia ya inchi 21 hivi, wa nane ya 23 au 25 kulingana na kimo chake. Raketi ikimzidi, mkono huanza kutafuta njia za mkato za kuubeba uzito, na njia hizo huja kumgharimu miaka ya kuzisahau. Mipira nayo ni hivyo hivyo. Mpira wa kawaida ukidunda humpita mtoto kichwani, basi hulazimika kuupigia juu ya bega wakati wote. Ndiyo maana kuna mipira ya polepole: mwekundu kwa uwanja mdogo wa mita 11, wa rangi ya machungwa kwa uwanja wa mita 18, na wa kijani kwa uwanja kamili. Tangu 2012 Shirikisho la Tenisi la Dunia linataka mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini yachezwe kwa mipira hiyo. Kocha akikwambia mwanao ana kipaji kikubwa kiasi kwamba hahitaji mipira ya rangi, muulize maswali zaidi kabla ya kumlipa.

Tena mwache acheze na michezo mingine. Jannik Sinner wa Italia alikuwa bingwa wa watoto wa kuteleza kwenye theluji nchini mwake, na hadi umri wa miaka 13 alikuwa bado anagawa muda wake kabla ya kuhamia kabisa kwenye tenisi. Kwetu theluji haipo, lakini mpira wa miguu upo, kuruka kamba kupo, riadha ipo, kuogelea kupo kwa walio pwani. Miguu ya tenisi hujengwa huko.

Miaka 12 hadi 18 ndiyo migumu kwa mzazi, kwa sababu hapo ndipo matokeo huanza kuandikwa. Kuanzia miaka 13 mtoto anaweza kucheza mashindano ya kimataifa ya vijana na kupata pointi za viwango vya dunia, na mara moja nyumba nzima huanza kuishi kwa pointi. Namba hushuka, uso wa baba hukunjamana. Namba hupanda, tikiti ya ndege hununuliwa kwa mkopo. Nakusihi usifanye hivyo. Viwango vya vijana ni ufunguo wa kuingilia mashindano makubwa ya vijana na njia ya kuonekana na makocha wa vyuo na wafadhili, na kazi yake inakomea hapo. Havimlipi mtu mshahara.

Mtazame Ons Jabeur wa Tunisia. Alitwaa taji la wasichana la Roland Garros mwaka 2011 akiwa na miaka 16. Taji lake la kwanza katika ngazi ya juu ya wanawake lilikuja mwaka 2021, miaka kumi baadaye. Fainali yake ya kwanza ya Grand Slam ya wakubwa ilikuwa Wimbledon 2022, na mwaka huo huo akafika nafasi ya pili duniani. Miaka kumi! Fikiria ni wangapi katika familia na majirani waliokuwa wameshamkatia tamaa kufikia mwaka wa sita. Kama wewe ni mzazi ambaye mwaka wa tatu tu bila kikombe utaanza kumtolea mtoto maneno, basi jiulize mapema kama unaweza kuibeba safari ya urefu huo.

Makocha wengi wana kipimo rahisi cha kupanga ratiba, nacho kinafaa kwa mzazi asiyejua mchezo: mtoto ashinde takriban mechi mbili kwa kila moja anayopoteza. Akishinda karibu zote, anacheza na walio chini yake, mpandishe ngazi. Akipoteza nyingi kuliko anazoshinda, umemsukuma mapema mno, hata kama mashindano yenyewe yana jina zuri la kuposti picha. Anza na mashindano ya nyumbani, kisha ya kanda yetu. Kusafiri Ulaya kupoteza raundi ya kwanza wiki tatu mfululizo humfundisha mtoto kufungasha mizigo, basi.

Kuna swali ambalo familia zetu hulipata mapema kuliko za Ulaya: je, mtoto aende kuishi mbali? Okutoyi alipitia kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Tenisi la Dunia huko Bujumbura akiwa bado mtoto, na baadaye Casablanca, Moroko. Vituo hivi vimewasaidia wachezaji wa kanda yetu ambao wasingeweza kulipia vyuo vya tenisi vya Hispania au Florida. Siwezi kumwambia mzazi asimpeleke. Ninachosema ni kwamba kabla ya kukubali uliza, na uulize mwenyewe ana kwa ana au kwa simu, wala si kupitia kwa kocha. Anasoma shule gani, na cheti chake kinatambulika nchini? Nani analala kwenye bweni la watoto, na anawajibika kwa nani? Mtoto ana simu, na ana uhuru wa kukupigia akiwa peke yake? Akiumia, nani analipa hospitali? Atarudi nyumbani mara ngapi kwa mwaka? Kwa binti ongeza mengine: ni nani humfanyia masaji, ni nani husafiri naye, analala chumba kimoja na nani wakiwa mashindanoni. Kocha mwema hataudhika na maswali haya. Anayeudhika amekwisha kukujibu.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia zenye mapenzi makubwa zikivunjika kwa kutopiga hesabu.

Mwaka 2013 Shirikisho la Tenisi la Dunia lilichunguza gharama za kucheza tenisi ya kulipwa. Mchezaji mwanamke alihitaji wastani wa dola 40,180 kwa mwaka kwa safari, malazi, chakula na vifaa. Mwanamume dola 38,800. Hapo kocha hajalipwa hata senti. Ili zawadi za mashindano zilingane na gharama, mwanamke alipaswa kuwa takriban wa 253 duniani, na mwanamume wa 336. Mwaka huo walicheza watu takriban 14,000, na karibu nusu yao hawakupata zawadi yoyote ya fedha. Tangu wakati huo zawadi zimeongezwa na gharama zimepanda pia, lakini sura ya mambo imebaki ile ile: watu mia chache wanaishi kwa mchezo huu, na maelfu wanaulipia.

Chukua ngazi ya chini kabisa ya wanawake, mashindano yanayoitwa W15. Hiyo 15 ina maana ya dola 15,000, nazo ni za kugawana wachezaji wote. Bingwa huondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000 kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata kiasi ambacho hakimalizi bili ya hoteli. Kwa hiyo ukisikia binti wa jirani "ameanza kucheza kulipwa", elewa kwamba huenda ndiyo kwanza ameanza kulipa.

Gharama hizi hupunguzwa kwa akili ya kupanga. Kuna miji inayoandaa mashindano ya ngazi hii wiki hata wiki, kama Monastir kule Tunisia na Sharm El Sheikh kule Misri. Mchezaji akienda huko kwa wiki nne au tano, tikiti ni moja na viza ni moja, na akitolewa mapema wiki ya kwanza anabaki na watu wa kufanya nao mazoezi akingoja ya pili. Nyuzi zinunuliwe kwa roli la mita 200 badala ya pakiti moja moja; roli hilo hufunga raketi 16 hivi. Mtoto mwenyewe ajifunze kufunga nyuzi, na akiwa huko anaweza hata kuwafungia wenzake kwa malipo. Viza iombwe mapema, pamoja na barua ya waandaaji, kwa sababu vijana wetu wengi hukosa mashindano wakiwa bado kwenye foleni ya ubalozi. Na ukishaona hamtakwenda, mtoe mtoto kwenye orodha kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ukichelewa kuna adhabu.

Upo pia mfuko wa maendeleo wa Grand Slam, ambao kwa miongo kadhaa umewasaidia wachezaji wa nchi zisizo na uwezo. Chama cha tenisi cha nchi yako ndicho mlango wa kuufikia. Kwa hiyo kuwa karibu na chama, nenda kwenye mikutano, lipa ada ya uanachama, hata kama hukubaliani na kila wanalofanya.

Atakapokuja mfadhili binafsi, na huja mtoto anapoanza kutajwa magazetini, tulia. Kuna mikataba inayodai asilimia ya zawadi zote za mtoto kwa miaka kumi au zaidi, kwa kubadilishana na msaada wa miaka miwili. Mpe wakili asome. Dai mambo matatu yaandikwe: muda uwe mfupi, marejesho yaanze tu zawadi zikivuka kiwango mlichokubaliana, na mtoto akiumia au akiacha mchezo familia isidaiwe. Mfadhili anayempenda mtoto huyakubali yote matatu.

Ndiyo maana naipenda njia aliyoishika Okutoyi, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo waliohuzunika alipokwenda chuo badala ya kuingia moja kwa moja kwenye kazi ya kulipwa. Chuo cha Marekani chenye timu nzuri humpa mchezaji viwanja, makocha, daktari wa misuli, chumba cha mazoezi ya nguvu na mechi ngumu kila wiki, na mwishoni shahada. Fanya hesabu ya kununua vitu hivyo kwa fedha zako uone. Wala hakuna anayeweza kusema kwamba njia hiyo huishia darasani. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia University of Illinois, na baadaye akacheza fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Danielle Collins wa Marekani alimaliza University of Virginia akiwa bingwa wa vyuo mara mbili, akafika fainali ya Australian Open 2022. Miaka ya chuo haikuwapotezea kitu. Iliwapa miili iliyokomaa.

Nafasi hizo hazimjii mtoto aliyeacha kusoma, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Vyuo huangalia matokeo ya shule kuanzia miaka ya mwanzo ya sekondari. Mtoto aliyeondolewa darasani kidato cha pili "ili azingatie tenisi" amefungiwa mlango ambao ungemlipia maisha. Mwache asome. Akifika kidato cha tatu aanze kuwaandikia makocha wa vyuo, yeye mwenyewe, kwa maneno yake. Aambatishe video ya mechi ambayo haijakatwakatwa, dakika kumi au kumi na tano, yenye pointi alizoshinda na alizopoteza. Kocha anataka kuona mtoto anafanya nini baada ya kukosea. Asome kanuni za kupokea fedha za zawadi kabla ya kujiunga, kwa sababu zina mipaka na hubadilika. Na asilipe wakala anayeahidi ufadhili wa uhakika. Hakuna wakala mwenye uwezo huo.

Njia ya Mboko nayo ipo, na kwa wachache ndiyo sahihi. Lakini ichunguze vizuri kabla ya kuitamani. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa nje ya 300 bora, baada ya goti kumsumbua. Hakukimbilia viwanja vikubwa. Alianzia kwenye mashindano madogo na kushinda mechi 22 mfululizo, kikombe baada ya kikombe, katika miji ambayo hata mashabiki wa tenisi hawaikumbuki. Kisha akaenda Roland Garros kupitia mechi za kufuzu, akafika raundi ya tatu. Wimbledon alikosa kufuzu, akaingia kwa sababu mwingine alijitoa, na akashinda mechi moja. Baadaye ikaja Montreal. Dunia iliona wiki mbili. Nyuma yake kulikuwa na miezi saba ya kupanda.

Na baada ya Montreal? Alitolewa raundi ya kwanza US Open, akaendelea kupoteza kwa wiki kadhaa, kisha Novemba akatwaa taji Hong Kong. Emma Raducanu wa Uingereza alitwaa US Open 2021 akiwa na miaka 18 na akitokea kwenye mechi za kufuzu, mechi kumi bila kupoteza seti, na miaka iliyofuata ilijaa majeraha na makocha waliokuja na kuondoka. Ukiwa mzazi au kocha wa kijana aliyeshinda kitu kikubwa ghafla, panga kabisa miezi sita ya kushindwa. Iweke kwenye bajeti. Mwambie kijana mapema kwamba itakuja, ili ikija asidhani kwamba ameharibikiwa.

Kipimo changu cha nani aende moja kwa moja kulipwa ni kikali. Awe tayari anawashinda watu wazima mara kwa mara katika ngazi ya chini, awe na fedha za miaka mitatu zilizo mkononi, wala zisiwe ahadi, na awe na mwili ambao daktari ameukagua. Kikikosekana kimoja, aende chuo.

Umri nao una sheria zake, na zina sababu. Jennifer Capriati wa Marekani alianza kulipwa mwaka 1990 akiwa hajatimiza miaka 14, akafika nusu fainali ya Roland Garros mwaka huo huo, akatwaa dhahabu ya Olimpiki 1992. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka kiasi cha kuuacha mchezo. Alirudi, na mwaka 2001 akatwaa Australian Open, nami nashukuru kwamba habari yake haikuishia gizani. Lakini chama cha tenisi ya wanawake kilijifunza, kikaweka mipaka ya idadi ya mashindano ambayo msichana chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza kwa mwaka. Mzazi akisikia mpaka huo asiuone kizuizi. Umewekwa kwa ajili ya mtoto wake.

Kuhusu mwenendo wako wewe mzazi kando ya uwanja, nitasema machache. Usimpigie kelele za maelekezo. Usimlipe fedha kwa kila ushindi. Baada ya kushindwa usiizungumzie mechi hadi aianzishe mwenyewe, iwe garini, kwenye matatu au mezani. Muulize kama amekula.

Lakini kuna hatari moja ambayo mzazi lazima aizungumzie kabla haijafika, nayo ni kamari. Watu wanaoweka dau kwenye mechi ndogo huwatafuta wachezaji wanaodaiwa na hoteli, na ngazi ya chini imejaa wachezaji wa namna hiyo. Karim Hossam wa Misri alifungiwa maisha mwaka 2018 kwa kupanga matokeo. Mdogo wake Youssef, aliyekuwa miongoni mwa kumi bora wa dunia katika vijana, akafungiwa maisha mwaka 2020. Vipaji viwili vya nyumba moja, vyote vimekwisha. Mwambie mwanao kwamba ujumbe huo utakuja kwenye simu, pengine kutoka kwa mchezaji anayemfahamu, na utaomba kitu kidogo tu: apoteze gemu moja, au akosee mipira miwili ya kuanzia. Asijibu, na atoe taarifa siku hiyo hiyo. Kunyamaza tu, hata kama amekataa fedha, ni kosa linaloadhibiwa. Na wale watakaomtukana mtandaoni baada ya kupoteza kwa sababu dau lao limekwenda, mfundishe kuwafungia bila kuwasoma. Bora zaidi, siku za mechi simu ibaki na mtu mwingine.

Dawa nazo: hata ya mafua, asiinywe mchezaji wa kimataifa kabla ya kuangalia orodha ya zilizokatazwa. Vivyo hivyo poda za kujenga misuli zinazouzwa mitaani.

Mwisho wa kila mwaka, msimu ukisha, keti na mwanao bila kocha. Chukueni daftari la gharama, muone mmetumia kiasi gani, na mwonyeshe namba zenyewe. Mtoto wa miaka 14 ana haki ya kuzijua, ilimradi usizigeuze deni lake. Angalieni mechi alizoshinda na alizopoteza. Kisha muulize kama bado anautaka mchezo huu mwakani. Akijibu haraka kwamba anautaka, pangeni ratiba. Akisitasita, mpe mwezi mmoja wa kupumzika kabisa, halafu muulize tena. Akisema hapana mara ya pili, mkubalie siku hiyo hiyo. Viwanja vyetu vina uhaba mkubwa wa makocha wa watoto, waamuzi na mafundi wa nyuzi waliokulia ndani ya mchezo. Kama atataka kubaki karibu nao kwa njia hiyo, kazi ipo. Na kama hataki, aende zake shule na raketi zake apewe mtoto mwingine wa klabu.